Mshono wa Ndama Ajaye

Ng'ombe anayekwama kuzaa katika kijiji cha Dodoma, daktari akimfikia mapema, hupasuliwa akiwa amesimama. Hapo hakuna chumba cha upasuaji wala meza wala taa ya darini. Kuna kamba iliyofungwa kwenye shina la mgunga, ndoo za maji yaliyochemshwa, vijana wawili wenye nguvu, na mnyama mwenye macho wazi anayeweza hata kutafuna majani huku ndama wake akitolewa ubavuni. Mgeni akisimuliwa hudhani ni ukatili. Akisimama pale tangu mwanzo hadi mwisho, atakubali kwamba hii ni miongoni mwa kazi za mikono zenye adabu kubwa kuliko zote zinazofanyika katika nyanda hizi za kati.

Nataka kuisifu kazi hiyo taratibu, kwa sababu mara nyingi husifiwa kwa haraka na mahali pasipo pake. Watu hushangilia ndama anapotoka. Kumtoa ndama ndiyo sehemu rahisi. Ufundi wenyewe huanza baadaye, watazamaji wakiwa wamemkimbilia yule mdogo kumsugua kwa nyasi kavu na kumtoa ute puani, na daktari amebaki na kizazi kilicho wazi mikononi mwake. Atakachokifanya kwa nusu saa inayofuata ndicho kitakachoamua kama ng'ombe huyu atabeba mimba tena au ataishia mnadani.

Lakini kabla ya hapo kuna ganzi, nayo inastahili kusimuliwa. Ng'ombe hafai kulazwa usingizi mzito porini: tumbo hujaa gesi, majani aliyokula hupanda kooni na kumwingia mapafuni. Kwa hiyo daktari huondoa maumivu ya ubavu mmoja tu na kumwachia mnyama miguu yake. Dawa ni lignokeini, aliyoitengeneza Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943, ile ile tunayochomwa kwa daktari wa meno. Wapo wanaoichoma kidogo kidogo kwa kufuata mstari, kando ya ubavu wa mwisho na chini ya uti wa mgongo, mpaka eneo lote la kukatwa lizungukwe. Ipo pia njia nyingine ambayo mimi naihusudu zaidi, ya kuifuata mishipa ya fahamu kwenye chanzo chake: mmoja unaotoka baada ya pingili ya mwisho yenye mbavu, na miwili ya kiuno inayofuata. Sindano ndefu hushuka mpaka iguse mfupa, husogezwa hadi ukingoni mwa mfupa, huteremka kidogo, huacha dawa, hurudi juu na kuacha nyingine. Jicho haliambulii chochote. Daktari huisoma mifupa ya ng'ombe kwa ncha ya chuma. Baada ya dakika kumi au zaidi ngozi ya ubavu hupata joto, misuli hulegea, mgongo hupinda kidogo na ubavu wenye ganzi hutokeza nje. Ni dalili nzuri, lakini fundi mzuri haridhiki nayo. Huchoma ngozi hapa na pale huku akimtazama ng'ombe usoni, na mnyama akishtuka, anasubiri.

Kisu hupita ubavu wa kushoto, katika kile kibonde kilicho kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, kikishuka wima sentimita 35 hadi 40. Kushoto huchaguliwa kwa sababu upande huo unakaliwa na tumbo kubwa la kwanza, lile la kupokea majani, nalo huuzuia utumbo usimwagike. Ukifungua kulia, utumbo ndio utakaokulaki. Hukatwa ngozi, halafu tabaka tatu za misuli ambazo kila moja nyuzi zake zina mwelekeo wake, halafu utando mwembamba wa ndani. Utando huo ukitobolewa, hewa huingia tumboni kwa sauti inayosikika na kila aliye karibu.

Mkono hupita nyuma ya tumbo kubwa, hushuka chini na kukikuta kizazi. Kupitia ukuta wake daktari hupapasa mpaka aupate mguu wa nyuma wa ndama, aushike kwenye kifundo na kuuleta polepole mlangoni mwa jeraha. Hapa hairuhusiwi kukifungua kizazi kikiwa bado ndani ya tumbo, maana maji ya kizazi cha ng'ombe aliyehangaika usiku kucha yana uchafu, na uchafu huo ukimwagika tumboni, ng'ombe atakufa siku ya tatu na watu watasema alikufa kwa kisu. Kizazi hutolewa nje kidogo, mguu ukiwa umekishikilia pale pale, ndipo hukatwa kwa kufuata upande wake wa nje uliopinda, kuanzia kifundo hadi kwato. Kizazi cha ng'ombe hushikana na kondo kwa vinundu vingi, kati ya 70 na 120, vilivyojaa damu. Kisu hupita kati ya vinundu hivyo bila kugusa hata kimoja. Na mkato lazima utoshe. Daktari mwoga hukata kidogo. Ndama akivutwa, kizazi huchanika chenyewe, na mchaniko huelekea chini kusikofikika kwa mkono wala sindano.

Ndama huvutwa kwa miguu ya nyuma, juu kisha nje, na kijana mmoja humpokea. Tumwache huko.

Sasa zalio. Likiwa limeachia, hutolewa. Likiwa bado limeshika, huachwa ndani litoke lenyewe kwa njia yake katika siku zinazofuata, na daktari huhakikisha tu kwamba uzi haulinasi. Mfugaji mwenye uchungu wa mali yake humsihi alivute lote. Daktari hukataa, kwa sababu kulivuta kwa nguvu ni kuvinyofoa vinundu ambavyo mimba ijayo itavihitaji. Mkono hurudi ndani mara moja kutafuta pacha na kuchunguza kama kuna mahali palipochanika. Halafu sindano hushikwa.

Mshono unaosifiwa na madaktari wengi kwa kazi hii una jina la mji wa Utrecht, Uholanzi, penye chuo cha zamani cha tiba ya mifugo. Sindano huingia kwa mshazari kando ya mkato, hutembea ndani ya nyama ya kizazi bila kuutoboa utando wa ndani, hutokeza karibu na ukingo, kisha hurudia vivyo hivyo upande wa pili. Uzi unapokazwa, kingo zote mbili hujikunja kuingia ndani na kugusana kwa nyuso zao za nje, na uzi wenyewe humezwa katikati. Hata fundo la kwanza na la mwisho huzikwa. Ukikitazama kizazi kilichoshonwa na mkono hodari, utaona mfereji mwembamba tu, bila uzi. Uzi ni wa aina inayoyeyuka mwilini. Kizazi nacho husinyaa wakati huo huo kinaposhonwa, hivi kwamba mkato wa urefu wa mkono huwa mfupi kabla siku haijaisha. Kwa hiyo daktari hukaza akijua kwamba kitu anachokifunga kinabadilika ukubwa kati ya vidole vyake.

Sababu ya kuuficha uzi ni hii. Ndani ya tumbo, uzi ulioachwa wazi au bonge la damu lililosahaulika hugeuka gundi. Kizazi hushikana na tumbo kubwa au na utumbo, na mirija inayopitisha mayai hufungwa katika utando usiokuwapo awali. Ng'ombe hupona. Hula, hukamuliwa, hunenepa, huja kwenye joto na kupandishwa, lakini hashiki mimba, mwaka huu wala mwaka ujao. Mwenye ng'ombe humlaumu dume, humlaumu mhimilishaji, huilaumu mbegu. Hakuna hata mmoja atakayekumbuka uzi. Ndiyo maana daktari hukiosha kizazi kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, hulitoa kila tone la damu lililoganda, hukitazama pande zote, na ndipo hukirudisha mahali pake kama kilivyokuwa. Ukimwona daktari anaosha kwa muda mrefu kuliko alivyokata, umempata daktari.

Maarifa ya mshono wa kizazi si ya zamani sana hata kwa binadamu. Mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, Robert Felkin, mmisionari wa Kiingereza aliyesomea udaktari Edinburgh, alimwona mtaalamu wa Kinyoro akimpasua mama na kumtoa mtoto akiwa hai. Mtaalamu huyo alimpa mama pombe ya ndizi, akaitumia pia kuosha mikono na tumbo, akazuia damu kwa chuma cha moto, na akalifunga tumbo kwa pini za chuma zilizozungushiwa uzi. Taarifa ya Felkin ilichapishwa mwaka 1884 na Wazungu wakastaajabu. Yule mtaalamu hakukishona kizazi, alikiminya kikasinyaa. Ulaya nako madaktari wengi wa wakati huo hawakukishona, mpaka Max Sänger wa Leipzig alipofundisha mwaka 1882 kwamba lazima kishonwe, na kwa uangalifu. Kila ng'ombe anayezaa tena wilayani Bahi au Chamwino baada ya kupasuliwa ana deni kwa mafunzo ya aina hiyo.

Hata hivyo kisu hakitoshi kumpima daktari wa mifugo, na kazi zake nyingine za uzazi hazina mkato hata mmoja. Kizazi kilichojisokota, kwa mfano, kikiwa na ndama ndani. Daktari huingiza mkono na kuhisi mikunjo ya njia ya uzazi imezunguka kuelekea upande mmoja. Ng'ombe hulazwa, ubao hupitishwa juu ya tumbo lake, mtu mmoja husimama juu ya ubao kukizuia kizazi, kisha mwili mzima wa ng'ombe huviringishwa kuufuata ule ule upande wa msokoto. Mwili hukifuata kizazi mpaka vilingane. Maji yakibubujika nje ghafla, kila mtu anajua. Ikishindikana, ndipo ubavu hufunguliwa. Ndama aliyekufa na kuanza kuoza tumboni naye mara nyingi hukatwa vipande huko huko ndani kwa waya wa msumeno unaopita katika mirija miwili ya chuma, ili njia ya mama isiguswe. Ni kazi ya kuchosha na yenye harufu mbaya, na watu wachache hukaa kuitazama hadi mwisho. Humwokoa mama.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kukirudisha kizazi kilichotoka nje. Hutokea saa chache baada ya kuzaa, hasa kwa ng'ombe aliyechoka, aliyepungukiwa kalisiamu, au aliyevutwa ndama kwa pupa. Kizazi chote hupinduka na kuning'inia hadi magotini, chekundu, kizito, vinundu vyake nje, vumbi na majani yamekiganda. Ndani ya mzigo ule mmenyooshwa mishipa mikubwa ya damu. Ng'ombe akikurupuka na mmoja ukakatika, atakufa kabla maji ya kuoshea hayajafika. Kwa hiyo kwanza ni utulivu. Daktari huupandisha na kuushusha mkia kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili hutafuta kiungo kinachocheza kati ya pingili mbili za kwanza za mkia. Hapo huingiza sindano. Tone la dawa likiachwa kwenye kitako cha sindano likafyonzwa lenyewe, amefika panapotakiwa. Mililita tano hivi hutosha. Mkia hulegea, na ng'ombe huacha kusukuma.

Hulazwa kifuani, miguu ya nyuma ikivutwa ielekee nyuma ili nyonga ziiname mbele. Watu wawili hukiinua kizazi juu ya shuka safi hadi usawa wa njia yake. Huoshwa. Kikiwa kimevimba sana, hunyunyiziwa sukari ya kawaida ya dukani, ambayo huvuta maji nje ya nyama iliyovimba. Halafu daktari huanza kukirudisha, na huanzia pale karibu na mlango, sehemu iliyotoka mwisho, akitumia kiganja na ngumi iliyofungwa. Ncha za vidole ni mwiko, hutoboa. Hushindilia kidogo, hushikilia, hupumzika, huendelea. Inaweza kuchukua saa nzima, jasho likimtoka, mkono ukifa ganzi bila sindano. Kikishaingia, bado hajamaliza. Kizazi kina pembe mbili, na pembe iliyopinduka lazima inyooke hadi ncha yake, mfano wa mkono wa kanzu unaogeuzwa upande wake wa sawa. Mkono wa mtu ni mfupi kuliko pembe, kwa hiyo hushika chupa safi na kusukuma kwa kitako chake mpaka kila kitu kinyooke. Ikibaki hata sehemu ndogo imekunjamana, ng'ombe ataisukuma tena na usiku kizazi kitarudi nje. Wasiojua hushona mlango kwa nyuzi nene wakitegemea kukizuia. Anayejua hunyoosha pembe.

Mshono wa mlango una mahali pake, lakini ni kwa tatizo jingine: uke unaotoka kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa. Hapo utepe huzungushwa chini ya ngozi kwa sindano ndefu inayoitwa ya Bühner, na ni lazima ulegezwe kabla ya ng'ombe kuzaa. Daktari mwema humwambia mwenye zizi, na humwambia mara ya pili mbele ya mkewe na wachungaji: "Mzee, siku ukiona kiwele kimejaa na maziwa, nipigie nije niufungue, la sivyo atachanika." Waliochanika nao wana tiba yao. Ndama mkubwa hupasua ukuta kati ya njia ya uzazi na ya haja kubwa, na tangu siku hiyo mavi huingia kwenye kizazi. Kila mtu hutaka pashonwe papo hapo. Nyama iliyovimba na kuchubuka haishiki uzi, kwa hiyo fundi huondoka na kurudi baada ya wiki nne hadi sita, uvimbe umekwisha, ndipo huujenga upya ule ukuta tabaka kwa tabaka. Kuna ujasiri katika kuondoka huko huku mwenye ng'ombe akikutazama kwa hasira.

Dodoma ina haki ya kujivunia fani hii. Mpwapwa ilipata kituo cha tiba ya mifugo tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1905, na leo ina taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, pamoja na kampasi ya LITA inayofundisha maofisa mifugo. Hapo ndipo walipozalishwa ng'ombe wa aina ya Mpwapwa, kwa kuchanganya zebu wetu wenye pembe fupi na Red Sindhi na Sahiwal wa Bara Hindi, na damu nyingine kidogo. Kongwa, ambako Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 na ukashindwa, pana ranchi ya taifa ya NARCO. Madaktari wenyewe husoma Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa miaka mitano, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka wasajiliwe.

Zebu wa Mgogo, niseme wazi, humpa daktari kazi hii mara chache. Ndama wake ni mdogo, kilo 20 au pungufu, na hupita. Haja ya upasuaji hukua pale tunapotafuta maziwa: mtamba mdogo wa kienyeji akipandishwa mbegu ya Friesian, ndama wake anaweza kumzidi njia. Mji umekua tangu Serikali ilipohamia Dodoma, wanywaji wa maziwa wameongezeka, na maziwa mengi hutaka damu chotara. Mhimilishaji mwangalifu humchagulia mtamba dume ambaye ndama wake huzaliwa wadogo, na humkatalia mfugaji anayemleta mtamba asiyekomaa. Uangalifu huo mimi nauhesabu kuwa sehemu ya upasuaji, kwa kuwa huuondoa kabla haujahitajika.

Na kuna hatari anayoibeba anayeingiza mkono. Mwanzoni mwa mwaka 2007, baada ya mvua kubwa na mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ililipuka nchini na Dodoma ikaumia kuliko mikoa mingine. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walitupa mimba kwa wingi, na watu zaidi ya 100 walifariki Tanzania. Ugonjwa ule hupita pia katika damu na maji ya uzazi, sawa na ugonjwa wa kutupa mimba unaokaa katika mazizi yetu hata wakati wa salama. Glavu ndefu ya bega anayoivaa daktari ni kwa ajili hiyo. Anayemsaidia kuvuta ndama naye apewe yake.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, usisubiri asubuhi. Ng'ombe akisukuma saa mbili tangu chupa ipasuke na ndama hasogei, piga simu. Usimfunge ndama kwa kamba ukamvutisha maksai au pikipiki. Kizazi kikitoka, mtulize mama, mfukuzie mbwa na kuku, kifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi, na usikirudishe mwenyewe. Daktari akimaliza, muulize lini apandishwe. Wengi watakwambia usubiri siku 60 au zaidi. Na ng'ombe huyo akishika mimba, mpigie daktari simu nyingine umjulishe. Kwake hiyo ndiyo habari ya kama mshono ulishika, na hana njia nyingine ya kuipata.